Msimfunge Mdudu Msiyemjua

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya kufunga nzi wa bandia, Nyeri

Mgeni wa heshima, wazazi wetu, walimu wenzangu, na nyinyi wahitimu, ambao naona wengine mmekuja na vanishi kwenye kucha hata siku ya sherehe: hamjambo nyote? Asanteni. Ketini.

Nimepewa dakika ishirini, na harufu ya pilau inayotoka kule nyuma inaniambia hata hizo ni nyingi. Nianze na wazazi, maana pale mlangoni mama mmoja amenishika mkono akaninong'oneza: "Mwalimu, hebu niambie ukweli. Binti yangu muda wote huu alikuwa anasomea nini? Majirani wakiniuliza nawaambia anafunga nzi. Wanacheka."

Mama, waache wacheke. Wahenga walisema nzi kufia juu ya kidonda si haramu. Huyu wetu hafii juu ya kidonda. Anafia mdomoni mwa samaki, na analipiwa kwa dola.

Kazi yenyewe ni hii. Mvuvi wa ndoana tuliyemzoea huweka mnyoo, akafunga kipande cha risasi, na uzito ule ndio unaobeba uzi hadi mbali. Uvuvi ninaouzungumzia mimi haufanyiki hivyo. Chambo chake ni chepesi mno, ukikitupa kwa mkono kinaangukia miguuni pako. Kwa hiyo uzito umehamishiwa kwenye kamba: kamba nene iliyopakwa plastiki, ambayo mvuvi huipeperusha hewani mbele na nyuma kwa fimbo ndefu, kisha akaiachilia inyooke juu ya maji. Mwisho wa kamba hiyo kuna uzi mwembamba ambao samaki hauoni kwa urahisi, na mwisho wa uzi huo ndipo ilipo kazi ya binti yako. Ni ndoana iliyovikwa manyoya na vinyweleo mpaka samaki akaidhania ni mdudu.

Mtu atauliza, si angeweka tu mdudu wa kweli, wako tele mtoni? Jibu limekuwepo kwa karibu miaka 1,800. Mroma mmoja aitwaye Claudius Aelianus, aliyeandika kwa Kigiriki karibu na mwaka 200, alisimulia habari za wavuvi wa Makedonia katika mto Astraeus. Samaki wa mto ule walikuwa wakila mdudu fulani anayeruka juu ya maji. Wavuvi walimjua mdudu huyo lakini hawakumtumia, kwa sababu akiguswa na mkono wa mtu rangi yake inapotea na mbawa zake zinanyauka. Basi walizungusha sufu nyekundu kwenye ndoana, wakaongeza manyoya mawili yanayoota chini ya ndevu za jogoo, yenye rangi ya nta. Sufu, unyoya wa jogoo, ndoana. Fungua droo yoyote ya meza za darasa letu utavikuta vyote vitatu.

Mnaona wavuvi wale walianzia wapi? Walimtazama mdudu kwanza. Walijua samaki anamla yupi, na walijua kwa nini yeye mwenyewe hafai kutundikwa kwenye ndoana. Sufu ilikuja baadaye. Hilo ndilo jambo langu la leo, na nitalirudia kwa njia nyingi mpaka mnichoke: msimfunge mdudu msiyemjua.

Nasema hivyo kwa sababu najua mnakokwenda. Wengi wenu Jumatatu mtaingia kwenye karakana za Nairobi, mkae mezani chini ya taa, mbele yenu pana jiliwa, mkasi, bobini, na sampuli moja iliyochomekwa kwenye kipande cha sponji. Sampuli imetoka Uingereza au Marekani. Mtaambiwa: funga kama huyu, dazeni kadhaa, kabla ya saa za kutoka. Nanyi mtafunga, mikono yenu ni mizuri, nimeiona. Nzi wanaofungwa Kenya wanauzwa kwenye maduka ya Ulaya na Amerika, na mvuvi anayewanunua mara nyingi hajui wametoka kwetu. Hata hivyo wapo mafundi hodari wa kazi hii ambao hawajawahi kumwona mdudu wanayemwiga akiwa hai, wala hawajawahi kusimama kando ya mto wakaona nzi wao akianguka majini. Mtu anafunga miguu ya mdudu miaka nenda miaka rudi, na hajui mdudu huyo anaitumia miguu hiyo kwa kazi gani.

Na jambo la kuudhi ni kwamba sisi hatuna kisingizio cha umbali. Trauti, yule samaki ambaye wengi wa nzi hawa wanafungwa kwa ajili yake, si wa asili ya kwetu, hilo mnalijua. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa katika mto Gura, hapa hapa kwenye milima ya Aberdare. Baadaye akaja yule mwenye utepe wa rangi ya waridi ubavuni, trauti wa upinde wa mvua, na leo wote wawili wako katika mito inayoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya. Kiganjo, mwendo mfupi tu wa matatu kutoka hapa, pana kituo cha kutotoa vifaranga vya trauti. Ila wadudu wale trauti walio Scotland wanaowala, ndugu zao wa karibu walikuwa katika mito yetu tangu zamani kabla trauti hajaletwa. Ndiyo maana alipofika hakufa njaa. Alikuta meza imeandaliwa.

Sasa tumwangalie huyo mdudu mwenyewe, maana hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Nenda kwenye kijito chochote safi kinachotoka mlimani, mahali maji yanapokimbia juu ya mawe. Inama, geuza jiwe moja la ukubwa wa kiganja, ulitazame chini yake. Utaona vitu vinatambaa vikikimbia mwanga. Chagua kimoja. Ana miguu sita, mwili unaopungua unene kuelekea nyuma, na mkiani ana vinyweleo viwili au vitatu. Kando ya tumbo kuna vijani vinavyopepea: hayo ni mashavu yake ya kupumulia. Mgongoni, nyuma ya kichwa, pana kivimbe cheusi. Huyo ni tunutu, yaani mtoto, wa mdudu aitwaye meifulai. Kile kivimbe ni mbawa zake, zimekunjwa ndani ya mfuko zikisubiri siku yake.

Tunutu huyo anaishi chini ya maji miezi, wengine hata mwaka na zaidi. Siku ikifika anapanda hadi juu ya maji, ngozi inapasuka mgongoni, na anatoka akiwa na mbawa zilizosimama wima. Hawezi kuruka papo hapo. Anaelea na mkondo akisubiri mbawa zipate nguvu, na hapo ndipo trauti wanapomfanyia karamu. Akinusurika anarukia majani ya kando ya mto, na hapo anafanya jambo ambalo wadudu wengine hawafanyi: anajivua ngozi mara ya pili akiwa tayari ana mbawa. Sasa anang'aa, mbawa ni safi kama kioo. Mdomo wa kulia chakula hana, yaani upo lakini haufanyi kazi. Amebakiza kupandana, kutaga, na kufa, na yote hayo yanaisha kwa saa chache au siku chache.

Kwa hiyo mdudu mmoja ana sura nne kwa samaki. Yuko tunutu anayetambaa chini, yuko anayepanda, yuko aliyesimama juu ya maji na mbawa wima, na yuko aliyekwisha kutaga, amelala juu ya maji mbawa zimetandazwa huku na huku. Kila sura ina nzi wake na ina vifaa vyake. Fundi asiyejua hadithi hii anaona sampuli nne zisizohusiana. Anayeijua anaona mdudu mmoja anayekua, na anaelewa kwa nini mteja akiagiza wa kwanza ataagiza pia wa tatu.

Wale mliotoka upande wa Kisumu na Homa Bay, mnacheka lakini nyinyi mmewaona kuliko sisi wa milimani. Mawingu ya wadudu yanayoinuka ziwani mpaka mtu anafunga mdomo akipita ufuoni, hao wengi ni aina nyingine, si meifulai. Lakini ziwa lenu lina meifulai wake maarufu, Povilla, ambaye tunutu wake hutoboa mbao na kuishi ndani yake, na kutoka kwake kunafuata mwezi: anaruka kwa wingi katika siku za mwezi mpevu. Waulizeni wazee wavuvi wa kwenu, hawahitaji kusomea chuo kulijua hilo.

Sasa niwaonyeshe kujua mdudu kunamsaidia vipi mtu aliyeko mezani. Nitamtumia Frank Sawyer, Mwingereza, ambaye kazi yake ilikuwa kuutunza mto Avon kule Netheravon, katika jimbo la Wiltshire. Alilipwa kukata magugu ya mtoni, kuangalia samaki, kufukuza wezi. Mchana kutwa alikuwa kando ya maji. Katika kutazama kwake aliona kwamba tunutu wa kundi moja la meifulai, wale wanaoogelea kwa kasi, wakiogelea hubana miguu mwilini. Haionekani. Wakati huo nzi wengi wa tunutu waliouzwa dukani walikuwa wamewekewa unyoya wa kuiga miguu. Sawyer akauondoa.

Kisha akaondoa na uzi. Nitafunga hapa, na wale wa nyuma mtazame kwenye skrini.

Ndoana ni namba 14. Wazazi, kwa ndoana namba ikiongezeka ndoana inapungua. Namba 20 ni kama punje ya mchele, na hawa watoto wenu wanaifunga bila miwani. Naibana kwenye jiliwa kwa mpindo wake, shina lilale sawasawa. Sichukui uzi. Nachukua waya wa shaba, mwembamba kama unaotoka ndani ya mota ndogo. Nauzungusha juu ya shina lote, mzunguko ukigusa mzunguko, kisha sehemu ya kifua narudia mara kadhaa mpaka kivimbe kionekane. Tayari nimefanya mambo mawili kwa waya mmoja: nzi amepata uzito wa kuzama, na amepata umbo.

Narudisha waya hadi kwenye mpindo. Sasa nachukua unyoya wa mkia wa fezanti dume, ndege wa jamii ya kuku, ule wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, natoa nyuzi nne zilizoshikana, nalinganisha ncha zake. Nafunga kwa waya ncha zikichomoza nyuma kidogo. Huo ni mkia. Msiuache mrefu; mkia mrefu unajikunja kwenye maji na mdudu anaonekana ana kamba. Nyuzi zilizobaki nazisokota pamoja na waya, navizungusha vyote kwa pamoja kwenda mbele hadi karibu na jicho la ndoana. Mnaona? Waya unachungulia katikati ya nyuzi, unang'aa kidogo, na kwa kuwa umesokotwa nazo, meno ya trauti hayawezi kuzikata kirahisi. Hapa nazitenganisha. Waya narudi nao nyuma ya kifua, nyuzi nazilaza nyuma juu ya kile kivimbe, nazibana, nazirudisha mbele, nazibana tena, nyuma tena. Kile kivimbe cheusi mlichokiona chini ya jiwe, mfuko wa mbawa, ndicho hiki. Nakata. Nafunga waya. Nimemaliza.

Vifaa viwili tu. Unyoya mmoja na waya. Hana miguu wala macho wala utepe wa kumeremeta. Na bado ni miongoni mwa nzi wanaoagizwa sana duniani, ingawa wanaoagizwa siku hizi wengi hufungwa kwa uzi na huongezewa vitu ambavyo Sawyer hakuvihitaji. Unyenyekevu huu wa vifaa haukutoka kwenye ubahili. Mtu alikuwa na hakika na alichokiona, na kile ambacho hakukiona hakukifunga.

Tutoke chini ya maji tupande juu. Nzi wa kuelea ana kanuni nyingine kabisa. Trauti anapotazama juu, haoni anga lote kama sisi. Mwanga unapopinda ukiingia majini, dunia yote ya nje inabanwa ndani ya duara moja juu ya kichwa chake, na nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi vilivyo chini. Mdudu akija na mkondo akiwa bado nje ya duara, samaki haoni mbawa wala rangi. Anachoona ni vidoa vya mwanga mahali miguu inapobonyeza uso wa maji. Vidoa hivyo ndivyo vinavyomwinua. Mbawa anaziona mwishoni, mdudu akishakaribia.

Sasa rudini mezani. Ule unyoya wa shingo ya jogoo mnaouzungusha mbele ya nzi wa kuelea, mlidhani ni pambo? Kazi yake ni kusimama juu ya maji kwa ncha na kutengeneza vidoa vile. Ndiyo maana tunadai unyoya wa jogoo mzima, mgumu, unaong'aa, usio na ule utando laini katikati. Unyoya wa tetea ni laini, unanyonya maji, unafaa kwa nzi anayezama kwa sababu ukilowa unapumua, unacheza. Fundi akichanganya hivi viwili, nzi wa kuelea anazama kwa mtupo wa pili, na wa kuzama anagoma kuzama. Kwenye sponji wote wawili wanaonekana wazuri. Mkaguzi anaweza hata kuwapitisha. Mto hauwapitishi.

Vivyo hivyo nywele za dia, yule mnyama wa Ulaya na Amerika anayefanana na swala, mnazotumia kwa mbawa: zina hewa ndani, ndiyo maana zinaelea na ndiyo maana mkizikaza kwa uzi zinafumuka. Na yale manyoya madogo ya bata, yanayoota kuzunguka tezi ya mafuta karibu na mkia: msiyapake dawa ya kuzuia maji, yanaelea yenyewe, na baadhi ya dawa zinayagandanisha. Nimeona watu wakiyapaka kwa bidii.

Kwa kuwa tumetaja jogoo, niwape kisa. Manyoya bora ya jogoo siku hizi hutoka kwa wafugaji wachache, hasa Marekani, ambao kwa miaka mingi wamechagua majogoo kwa urefu na wembamba wa manyoya, si kwa nyama. Mwaka 2011 wasusi wa Marekani waligundua kwamba manyoya yale marefu yenye mistari yanapendeza yakifumwa kwenye nywele za wateja. Basi! Maduka ya wavuvi yakafagiliwa. Bei ikapanda mara kadhaa, na wafungaji nzi wakawa wanashindania unyoya mmoja na akina dada wa saluni. Fashoni ikapita, kama kawaida ya fashoni. Lakini karakana ambayo fundi wake alijua unyoya ule unafanya kazi gani iliweza kumwandikia mteja ikapendekeza mbadala. Ambayo ilijua tu kufuata sampuli ilikaa ikisubiri.

Najua kuna mtu hapa anajisemea moyoni: mwalimu, mteja hanilipi kufikiri. Amenitumia sampuli, akitaka samaki apende nzi yule hilo ni shauri lake. Ndugu yangu, una haki nusu. Mteja akituma sampuli, fuata sampuli. Dazeni ni dazeni kwa sababu wa kumi na mbili anafanana na wa kwanza, na fundi anayeanza kubuni katikati ya oda anapaswa kupelekwa nyumbani apumzike. Ninachosema ni kwamba sampuli haisemi yote. Haikuambii ni kosa gani dogo na ni kosa gani kubwa. Rangi ya mwili ikikengeuka kidogo, trauti hajali. Kichwa cha nzi kikinenepa mpaka kikaziba jicho la ndoana kwa vanishi, hiyo ni oda nzima imerudi. Ilishatokea katika karakana moja ninayoijua. Nzi walikuwa wa kupendeza kweli, na matundu yamejaa vanishi. Mfikirieni mvuvi anayesimama kwenye maji baridi alfajiri, vidole vimekufa ganzi, anasukuma uzi kwenye tundu ambalo halipo! Fundi yule hakuwa mzembe. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha mvuvi akifunga nzi kwenye uzi.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao nitaupita haraka, kwa kuwa mimi mwenyewe siuhusudu sana. Ni nzi wakubwa wa kuvulia samaki aitwaye samoni, wale wa mtindo wa Uingereza ya karne ya 19, wenye manyoya ya rangi zote. Samoni akirudi mtoni kutaga huwa karibu hali kitu, kwa hiyo nzi yule haigi mdudu yeyote. Anafungwa kwa macho ya binadamu. Ni sanaa, sikatai, na mkifika kiwango cha kuwafunga mtalipwa vizuri. Ila tamaa ya manyoya yale ilifika pabaya. Mwaka 2009 kijana mmoja aliingia kwa dirisha katika jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, akaiba ngozi 299 za ndege, baadhi zilikusanywa na mwanasayansi Alfred Russel Wallace katika karne ile ya 19. Aliziiba kwa ajili ya kufunga nzi na kuwauzia wafungaji wengine. Baadhi ya ngozi zilipopatikana zilikuwa zimekatwa lebo, na ngozi isiyo na lebo mwanasayansi hawezi kujua ilitoka wapi wala lini. Kwetu pia sheria za wanyamapori zipo na zina meno. Unyoya wa kanga wa kufugwa, karibu. Unyoya uliookotwa hifadhini, uache hapo ulipo.

Na msidhani kazi ni ya trauti tu. Bahari yetu ya Watamu na Malindi ina kolekole na sulisuli wanaovuliwa kwa nzi, na katika mito ya bonde la Kilombero, Tanzania, wanavua yule samaki mwenye meno ya kutisha ambaye Wazungu humwita tigerfish, yaani samaki chui-milia. Huko mdudu mnayemwiga ni samaki mdogo. Bob Clouser wa Pennsylvania, katika miaka ya 1980, alifunga macho mawili ya risasi upande wa juu wa shina la ndoana, na kwa uzito ule nzi akageuka, ncha ikatazama juu. Anaingia kwa kichwa, anainuka, anaingia tena, kama dagaa aliyejeruhiwa, na ncha haikwami kwenye mawe. Mkipewa oda yake, yafungeni yale macho kwa kuvuka herufi X mara nyingi na gundi juu yake. Yakilegea yakazunguka upande, nzi analala ubavu, na mteja hatawaandikia kulalamika. Atanunua kwingine.

Na kwingine kupo. Thailand wanafunga, Sri Lanka wanafunga, Ufilipino na Uchina wanafunga. Wao pia wana vidole. Sisi tuna vidole, na tuna mito yenye trauti na meifulai ambayo mtu anaifikia kwa nauli ya matatu. Sioni kwa nini tuendelee kufunga kama watu waliozaliwa jangwani. Ningependa siku moja karakana ya hapa itume sampuli kwenda kwa mteja, na mteja ndiye aulize: huyu ni nani, anaishi wapi, anavuliwa vipi? Kwa hilo tunahitaji mafundi waliolowa miguu.

Namalizia na tangazo, halafu pilau. Jumamosi saa mbili asubuhi tunakutana kwenye daraja la chini, nje ya msitu, si ndani ya hifadhi, kwa hiyo hakuna ada ya geti. Kila mtu alete sahani moja nyeupe, chujio la chai la zamani, na viatu ambavyo mama yake hatavililia. G.E.M. Skues, wakili wa London aliyewafundisha Waingereza kuvua kwa tunutu, alikuwa akichota tumbo la trauti aliyemvua kwa kijiko cha kutolea uboho, akamimina kwenye chombo cheupe chenye maji aone samaki amekula nini. Mwenye leseni ya kuvua ni mwalimu mwenzangu aliyekaa pale kulia, na ameahidi samaki wawili. Kijiko ninacho. Tutamimina kwenye sahani zenu, tutahesabu tunutu na wenye mbawa, na kila mmoja atachagua mdudu mmoja wa kumfunga pale pale kando ya mto, bila sampuli. Wazazi wanaotaka kuja mnakaribishwa, na yule mama wa mlangoni nitamwekea kiti.